Sura ya Uzi, Bei ya Masonko
Chuck Close, mchoraji Mmarekani aliyefariki 2021, hakuweza kushika sura za watu: mliongea jana, leo hakujui. Ndiyo maana picha zake kubwa za nyuso si mbwembwe, ni njia yake ya kukumbuka. Mazulia yake ya ukutani yalifumwa Ubelgiji kwa mtambo wa Jacquard unaoongozwa na kompyuta. Ukikaribia, unaona nyuzi tu. Rudi nyuma kidogo, uso unajitokeza. Hapo kazi inashika kweli.

Kinachoudhi ni nakala kuwekewa kikomo. Faili ipo, mtambo upo. Uhaba huu ni wa soko, si wa uzi. Mtu alihangaika hivyo asisahau nyuso, halafu zinaishia sebuleni kwa masonko?