Mgeni Anayeaga

Novemba 1985 Mwalimu Julius Nyerere, akiacha urais wa Tanzania, aliwaaga wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Nchi ilikuwa imechoka. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 lakini gharama zake zilikuwa bado mabegani mwa watu. Sabuni na sukari zilipangiwa foleni. Na tangu nchi iwe jamhuri, watu hawakuwahi kuwa na rais mwingine. Hofu ya kesho ilikuwa halali kabisa.

Sehemu ya hotuba ile ninayoirudia kila mara ni pale anaposimulia alivyoingia mjini. Alikuwa mwalimu kijana wa Pugu, Mkatoliki, Mzanaki kutoka Butiama, ametoka masomoni Edinburgh, na mjini hana mwenyeji. Anawataja waliompokea, Abdulwahid Sykes miongoni mwao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Aprili 1953, pale ukumbi wa Arnautoglo, akachaguliwa kuongoza chama cha Waafrika, TAA, na nafasi hiyo aliishika Abdulwahid mwenyewe kabla yake. Mwaka uliofuata, Julai 7, chama cha TANU kikazaliwa.

Tazama ufundi uliomo humo. Mtu aliyetawala zaidi ya miaka ishirini anaaga kwa kukumbuka siku ambazo yeye ndiye aliyekuwa na haja na watu. Mkubwa anarudi kuwa mgeni, na wale wazee wanakuwa tena wenyeji. Kumbe nchi ilikuwa yao kabla hajafika, na itabaki kuwa yao akishaondoka. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Kisa chenyewe kililibeba.

Kuna pia jambo la majina. Msimulizi mvivu husema "wazee wetu" akapita. Mwalimu alitaja mtu kwa jina lake, na mbele ya kundi lile kila jina lilikuwa na sura, mtaa, baraza, kahawa iliyonywewa pamoja. Kumtaja mtu hadharani ni kulipa deni, na waliosikia walijua deni hilo lilikuwa kubwa.

Hata neno alilolichagua lilikuwa na kisa. Hakusema anajiuzulu wala anastaafu. Alisema anang'atuka, neno la kwao Uzanaki. Kwa neno hilo tendo lililoonekana geni likapata ukoo: mzee anapisha rika linalofuata, kama ilivyofanyika vijijini zamani. Watu wakalipokea, na leo limo katika Kiswahili cha kila siku.

Simulizi pekee haikujaza maduka, na yeye mwenyewe alibaki mwenyekiti wa chama tawala, CCM, hadi 1990. Lakini nawasikiliza viongozi wa leo wakisimulia maisha yao wakati wa mageuzi magumu, na mara nyingi kisa kina shujaa mmoja tu, naye ndiye anayezungumza. Wasikilizaji wanapiga makofi, kisha wanaondoka mikono mitupu, kwa sababu hawakupewa nafasi ndani yake.

Kanda za sauti za hotuba za Mwalimu zipo. Wewe unayejiandaa kusimama mbele ya wafanyakazi au wanakijiji wenye hofu, zisikilize taratibu. Sikiliza anavyotua, anavyorudia sentensi, anavyowaachia watu wacheke kwanza. Kisha jiulize ni nani waliokupokea wewe, na uanze na majina yao.