Kitabu cha Bwana Maciver na Masikio Yetu

Hatuna desturi ya kuhukumu vitabu vya Kingereza katika kurasa hizi. Lakini maulizo yametufikia kutoka Baraka na Fizi, mara kwa mdomo, mara kwa barua: kitabu kinachoitwa "First Aid in English" kinafaa kwa kujifunza Kingereza ao hakifai? Wanaouliza ni wakatekista, walimu, na vijana wanaojitayarisha kuingia seminari. Wengine wamekwisha kutoa feza ili kukipata. Wengine wamekinakili katika daftari kwa mkono wao, ukurasa kwa ukurasa. Watu waliojitaabisha namna hii wanastahili jibu la kweli.

Kwanza tuseme kitabu chenyewe ni nini. Kiliandikwa na Bwana Angus Maciver, mwalimu wa Skotlandi, kikatolewa Glasgow mwaka 1938. Kiisha kikaenea sana katika shule za Afrika ya Mashariki, Kenya, Uganda na Tanzania. Njia iliyokileta kwetu si vigumu kuifahamu. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi ziwa Tanganyika, wakakaa katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama vile Nyarugusu na Lugufu. Huko shule za watoto wetu zilifuata masomo ya Kongo kwa Kifransa, lakini vijana walitafuta Kingereza jioni, kwa mwalimu yeyote aliyekijua kidogo. Tangu mwaka 2005 meli ziliwarudisha wengi mpaka Baraka, na pamoja na masufuria na magodoro yalirudi madaftari. Tena mwaka 2022 inchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na hamu ya Kingereza ikaongezeka.

Ndani ya kitabu mna orodha nyingi na mazoezi mafupi: umoja na wingi, majina ya kiume na ya kike, makundi ya wanyama na watoto wao, methali, maneno ya kinyume, makosa ya kusahihisha. Tunakisifu kwa mambo mawili. Mazoezi yake ni mafupi, hata mtu aliyerudi shambani amechoka anaweza kumaliza moja kabla ya kulala. Jambo la pili ni ile orodha ya kiume na kike. Kwetu "yeye" ni mmoja kwa mwanaume na kwa mwanamke, na neno "amekuja" halisemi kama aliyekuja ni baba ao mama. Ndiyo sababu katekista mwema kabisa anasema "he" juu ya Bikira Maria, naye hajisikii. Kifransa hakimponyi, maana Kifransa kinaifanya hata meza kuwa ya kike, na akitoka huko ataiita meza "she". Anayeandika "nephew" upande mmoja na "niece" upande wa pili, siku kwa siku, mwisho ulimi wake unazoea kuuliza kwanza: ni mwanaume ao mwanamke?

Sasa tuseme upungufu. Bwana Maciver aliwaandikia watoto wa Skotlandi, waliokuwa wamesikia Kingereza tangu mgongoni mwa mama zao. Hakuhitaji kuwafundisha neno linatamkwa namna gani. Walilijua, walikosa tu kuliandika vizuri na kulipanga. Hata jina la kitabu linasema hivyo, kwa maana "first aid" ni msaada wa haraka apewao mtu aliyeumia. Mtu aliyeanguka njiani anafungwa bandeji. Lakini mtoto asiyetembea bado, bandeji itamfaa nini? Kijana wa Baraka anafungua kitabu hiki kama kitabu cha kwanza, anajifunza kwamba mtoto wa ndege mkubwa wa maji anayeitwa "swan" ni "cygnet", ndege ambaye hatamwona kamwe katika ziwa letu, wala hajui bado kutamka "fish", wakati ndagala wanauzwa mbele ya mlango wake.

Ndugu yetu mmoja, mwana wa Fizi, alipelekwa Nairobi kwa masomo. Alikuwa amemaliza mazoezi yote ya kitabu, na alipata maksi nzuri katika mtihani wa kuandika. Siku ya Mungu ya kwanza aliombwa kusoma somo katika Misa. Kila mara alipofika kwenye "faith", yaani imani, alitamka "face", yaani uso. "Shepherd", mchungaji, aliisoma "shefed", sababu macho yake yaliona p na h, na Kifransa kilikwisha kumfundisha kwamba herufi hizo mbili pamoja ni f. Hapa sivyo: ni "sheep" na "herd" zilizounganishwa, kondoo na mwenye kuwachunga, p inabaki p, na h inapotea. Hakuna aliyecheka. Lakini nyuma ya Misa mama mzee mmoja alimwuliza kwa upole alikuwa anasoma kwa lugha gani. Alitusimulia kwamba tangu siku ile alijificha nyuma ya wenzake kila walipotafuta msomaji, na darasani akanyamaza, hata walimu wakafikiri kwamba hana akili. Aibu ya namna hii imewarudisha nyumbani vijana ambao Kanisa lilikuwa linawahitaji.

Kosa halikuwa la akili yake. Alijifunza kwa macho, tena kwa macho ya Kifransa, wakati alikuwa na mlango ulio karibu zaidi. Wamisionari Waingereza wa Zanzibar, kama Edward Steere aliyetoa kitabu chake juu ya Kiswahili mwaka 1870, waliandika konsonanti za Kiswahili kwa desturi ya Kingereza na vokali kwa desturi ya Kiitalia. Basi ch ya "church" ni ch ya "chai". J ya "John" ni j ya "jambo". Vivyo hivyo sh, w na y. Hata h, ambayo Kifransa hakiitamki, sisi tunaitamka katika "hapa" na "habari". Kwa nini basi tuseme "oli" mahali pa "holy"? Desturi nyingine ya kuandika tunaiona katika majina ya inchi yetu: Tshombe, Tshisekedi. Mtu wa pwani angeanza majina hayo kwa ch, na Mwingereza angeyasoma sawasawa. Mwalimu wa Fizi anayefafanua sauti za Kingereza kwa njia ya Kifransa anawazungusha wanafunzi mlima mzima, na kijiji kiko ngambo ya mto.

Sauti inayowashinda watu wetu zaidi ni th. Hapa tukiri jambo. Sisi tunasema na kuandika zambi, feza, zahabu, samani. Hatuna haya, ndiyo lugha ya huku kwetu. Lakini watu wa pwani wanasema "dhambi" na "thamani", ncha ya ulimi ikigusa meno. Dh yao ni sauti ya "this" na "father". Th yao ni sauti ya "think" na "faith". Wazee waliosikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, walizisikia sauti hizi mara nyingi, ijapokuwa hawakuziita Kingereza. Mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba hii ni sauti ya wazungu isiyowezekana. Amtafute mtu aliyekaa siku nyingi pwani, amwombe kusema "dhambi zangu" mara kumi, na kilasi nzima imfuate. Wengine watacheka kidogo kwa kutoa ulimi mbele ya watu. Wacheke.

Mahali ambapo Kiswahili hakitusaidii ni vokali. Sisi tunazo 5, na kila moja ina sauti yake siku zote. Kingereza kinaandika herufi 5 zilezile, lakini sauti zake za vokali zinafika karibu 20. "Ship" ni meli na "sheep" ni kondoo. Sikio letu linasikia neno moja, na ziwani kwetu meli na kondoo si kitu kimoja. Kuna kanuni moja nzuri ambayo kila mwanafunzi aijue kabla ya kanuni nyingine: e ya mwisho haisomwi, lakini inabadilisha vokali iliyotangulia. "Hop" ni kuruka kwa mguu mmoja, "hope" ni tumaini. "Hat" ni kofia, "hate" ni kuchukia. "Bit" ni kipande, "bite" ni kuuma. Kiisha mwalimu aseme mara moja kwamba "have", "give", "love" na "come" zinavunja kanuni hiyo, asingoje mpaka mwanafunzi ajikwae mwenyewe na kufikiri kwamba alidanganywa.

Kwa nini fujo hii? Kwa sehemu, sababu maandiko ya Kingereza ni ya zamani kuliko sauti yake. William Caxton alileta mashine ya kupiga chapa Uingereza mwaka 1476; maneno yakaanza kukaa katika vitabu, lakini midomo ya watu iliendelea kubadilika. K ya "know" ilitamkwa zamani, leo imelala. B ya "lamb", mwana-kondoo, imelala. Katika "psalm", yaani zaburi, p na l zote mbili zimelala. Mwanafunzi anayejua habari hii hakasiriki tena. Anajua kwamba anasoma maneno yenye herufi zilizokufa zamani.

Kuna madaftari ya mkono yanayojaribu kusaidia kwa kuandika matamshi kwa herufi zetu: "gudi moningi", "bredi", "miliki". Tunaelewa nia yao, lakini dawa hii inaongeza ugonjwa. Ulimi wetu unapenda kila neno liishe kwa vokali, ndiyo sababu tumefanya "shati" na "blanketi" kuwa maneno yetu. Anayejifunza kusema "Godi" atasema hivyo mpaka uzee. Afazali asikie neno kwa mtu, alirudie, na aliandike nyuma.

Juu ya mkazo wa sauti, watu wanakosa furaha iliyo karibu. Kifransa kinaegemea mwisho wa neno. Kingereza kinahamahama, na hilo linawaogopesha wanafunzi, lakini sisi pia tunahama: "mtoto" ina mkazo mahali pamoja, ukiongeza -ni ukasema "mtotoni", mkazo umesogea mbele. Kwa Kingereza "convert" yenye mkazo mwanzoni ni mtu aliyeongoka. Yenye mkazo mwishoni ni tendo la kuongoza. Katekista atalitumia neno hili kila wiki. Vilevile "blessed": tukisema kwamba padri alitubariki, ni silabi moja, "blest", tukimwita Maria mbarikiwa katika sala, ni silabi mbili. Bwana Maciver hasemi mambo haya kwa sababu watoto wa Glasgow waliyasikia kanisani.

Grama ya mwanzo tutaipita upesi, maana ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. "Do" mwanzoni mwa swali inafanya kazi karibu na "je" yetu: "Je, unasali?" "Do you pray?" Tofauti ni kwamba "do" inabadilika kufuata mtu na wakati. Katika kukana wakati uliopita, sisi tunasema "nilienda" lakini "sikuenda". Alama ya -li- imetoka. Kingereza nacho kinafanya vile: "I went", lakini "I did not go". Anayesema "I did not went" ni kama aliyesema "sikulienda", na ukimwonyesha hivyo atacheka na hatarudia. Mahali pamoja Kiswahili na Kifransa vinatupoteza pamoja: vyote viwili vinasema mtu "ana miaka" 20, na watu wetu wanasema "I have twenty years". Kwa Kingereza mtu "ni" miaka yake. Na "the God" tunayoisikia katika sala nyingi haikutoka katika Kiswahili, kwa maana Kiswahili hakina neno dogo la namna ile.

Basi hukumu yetu ni hii. Aliye na kitabu cha Bwana Maciver asikitupe, bali akiweke mpaka mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza uwe wa masikio: sala fupi zinazojulikana tayari kwa Kiswahili, maneno ya soko na ya ziwa, na mwalimu anayesema polepole. Hapo ndipo orodha zake zitapata watu wa kuzitumia, hata ile ya makundi, maana "shoal", kundi la samaki, ni neno linalomfaa mvuvi wa Baraka kuliko mtoto wa mji wa Glasgow.

Ndugu yetu wa Nairobi alitafuta mwanafunzi mwenzake kutoka Mombasa, wakabadilishana: yeye alimfundisha Kifransa, mwingine akamfundisha kutoa ulimi. Mwaka uliofuata aliombwa tena kusoma, naye akakubali. "Faith" ilitoka safi, na "shepherd" pia. Kiisha akafika kwenye "psalm", akaitamka p yake yote na l yake yote.