Gianluca Zambrotta, Kiraka Aliyekamilika

Mchezaji kiraka huwa anapewa nusu ya sifa. Anaziba pengo, watu husema, kisha macho yanarudi kwa mfungaji. Gianluca Zambrotta, aliyeichezea Italia mechi 98, anastahili sifa nzima, kwa sababu kila nafasi aliyohamia aliingia na elimu ya nafasi aliyotoka.

Alizaliwa Como mwaka 1977, akaanzia klabu ya mji huo, akapitia Bari, na mwaka 1999 akatua Juventus akiwa winga wa kulia. Alikuwa na mbio, pumzi na krosi. Kukaba kulikuwa bado hakujamkaa. Katika nusu fainali ya Euro 2000 dhidi ya Uholanzi, winga Boudewijn Zenden alimsumbua hadi akala kadi mbili za njano na kutolewa dakika ya 34. Italia ilipenya kwa penalti, lakini fainali yeye aliikosa.

Mwaka 2002 Mauro Camoranesi alijiunga na Juventus, naye pia alicheza winga ya kulia. Kocha Marcello Lippi akamhamishia Zambrotta beki ya kushoto. Hebu fikiria ugumu wake: mtu wa mguu wa kulia anapelekwa upande ambao krosi inadai mguu wa kushoto, na mbele yake anakuja winga mwenye kasi kama aliyokuwa nayo yeye. Hapo ndipo uwinga wake wa zamani ulipomfaa. Winga anataka beki aurukie mpira ili ampite, na Zambrotta alilijua hilo kutoka upande wa pili. Msimu huo Juventus ilitwaa ubingwa wa Italia na kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Anayetaka kuuona ufundi huo wote kwa pamoja aitazame robo fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ukraine, Hamburg, Juni 30, 2006. Siku hiyo alipangwa beki ya kulia. Dakika ya sita alipanda, akagongeana na Francesco Totti, akaingia ndani na kuachia shuti la mbali lililomshinda kipa. Alipiga kwa mguu wa kushoto, ule ambao kazi ya Juventus ilimlazimisha kuunoa. Kipindi cha pili, matokeo yakiwa bado 1-0, Gianluigi Buffon aliutema mpira, na shuti lililofuata Zambrotta akaliokoa kwenye mstari wa goli. Baadaye akapenya upande wa kushoto na kumpasia Luca Toni, aliyefunga la tatu. Beki mmoja alifunga, akaokoa na kutoa pasi ya goli katika mechi moja.

Siku tisa baadaye, mjini Berlin, Italia ilikuwa bingwa wa dunia. Zambrotta aliendelea Barcelona, kisha Milan, akatwaa nayo ubingwa wa Italia mwaka 2011.

Kijana anayehamishwa namba na kocha wake asione ameshushwa. Ajiulize ile nafasi ya zamani ilimfundisha nini, aende nacho huko anakopelekwa. Na sisi mashabiki, tukimtaja kiraka, tumtaje kwa heshima ya fundi.