Kompyuta ya mezani, ruta ya pili na radi ya Sake

Katika vituo vya biashara vya mashariki mwa Kongo, chini ya mabango ya "Secrétariat public", watu huchapishiwa barua, hutolewa fotokopi na hujaziwa fomu. Mara nyingi kompyuta inayofanya kazi hiyo ni mtumba wa mezani: nyuma ina tundu la waya wa mtandao, antena haina. Iliundwa kwa ajili ya ofisi ambazo waya hupita ndani ya ukuta. Ikifika Masisi au Walikale inakuta intaneti iko hewani, katika simu ya mwenye duka au ruta ya jirani.

Fundi mwenye haraka huvuta waya. Kwa viwango vya Ethaneti waya wa shaba unaruhusiwa hadi mita 100, na nyumba mbili zinazotazamana barabarani hazifikii hata nusu ya umbali huo. Ila huku kuna radi. Watafiti waliopitia kumbukumbu za satelaiti ya TRMM za miaka 1998 hadi 2013 walichapisha matokeo yao mwaka 2016. Kabare, Kivu Kusini, ilishika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Sake, mji wa wilaya ya Masisi kwenye njia ya kutoka Goma, ulikuwa miongoni mwa sehemu kumi za kwanza.

Tena radi haihitaji kupiga paa. Ikipiga karibu tu, waya mrefu wa shaba ulio nje huzalisha mkondo wa ghafla unaokwenda moja kwa moja kwenye kadi ya mtandao, na pengine kuua ubao mzima wa kompyuta. Ndiyo maana mpango wenye akili hapa ni hewa kati ya nyumba na nyumba, na waya mfupi ndani ya chumba. Kinachobaki ni kuviunganisha hivyo viwili.

Kidude cha Wi-Fi cha USB ndicho rahisi kununua. Kina kero mbili. Baadhi ya vidude hivi hudai programu ya kuviendesha, na programu yenyewe iko kwenye intaneti ambayo kompyuta haijaipata. Halafu hukaa nyuma ya sanduku la chuma, chini ya meza, mahali pabaya kuliko pote kwa mawimbi. Waya wa kurefusha USB, wa mita moja au mbili, husaidia kuliko kubadilisha kidude.

Simu ya Android inashinda kidude hicho kwa urahisi. Ikichomekwa kwa waya wake wa kuchajia na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa USB, kompyuta huiona kama kadi ya mtandao. Simu nyingi hugawa hata Wi-Fi ziliyoipokea, si mega za laini peke yake, na huku zinachajiwa. Kwa kompyuta moja, hakuna sababu ya kutafuta zaidi.

Kompyuta zikiwa mbili au tatu ndipo ruta ya pili inapohitajika, na ndipo wengi wanapokwama. Inaonekana jambo dogo: ruta inyake Wi-Fi ya jirani, kisha iisukume kwenye matundu yake ya waya. Lakini ruta ya jirani hufanya kazi kama mlinzi wa geti mwenye daftari, anayewajua waliojiandikisha tu. Fremu ya kawaida ya Wi-Fi inayokwenda kwake hubeba anwani tatu: ya ruta yenyewe, ya anayerusha, na ya mwisho wa safari. Hakuna nafasi ya kuitaja kompyuta iliyo nyuma ya mrushaji. Ujumbe wake ukipitishwa ulivyo, hukataliwa getini.

Kuna mfumo wa anwani nne, unaoitwa WDS, lakini lazima ruta zote mbili ziukubali, na za watengenezaji tofauti mara nyingi hazielewani. Kwa hiyo ruta nyingi za bei nafuu huchukua njia nyingine, ile inayoandikwa WISP kwenye menyu: ruta ya pili hujiandikisha kwa jina lake na kuzificha kompyuta zote nyuma yake. Intaneti hupita vizuri. Gharama yake hujitokeza baadaye, pale printa iliyo upande wa ndani isipoonekana na simu zilizo upande wa jirani. Pia ruta zote mbili zikiwa zimetoka kiwandani na anwani 192.168.0.1, hakuna kitakachosonga mpaka ya pili ibadilishwe, kwa mfano iwe 192.168.5.1. Kwa hitilafu hii hulaumiwa sana mtandao, nao hauna hatia.

Umeme nao unapendelea mpango huu wa ruta ya pili. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 9 au 12 na chini ya wati 10. Ile ya volti 12 inaweza kukaa kwenye betri ya sola kupitia kidhibiti, hata inveta ya kompyuta ikizimwa.

Starlink, intaneti ya satelaiti, imeleta kichekesho chake. Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipiga marufuku Machi 2024 na kuipa leseni Mei 2025. Ruta ya kizazi chake cha pili haina tundu la Ethaneti kabisa; adapta huuzwa kando. Ya kizazi cha tatu ina matundu mawili, yamefunikwa kwa kifuniko. Anayenunua seti iliyotumika Goma ili aipandishe Walikale ageuze kwanza ruta na kutazama nyuma yake, kisha aulizie kama dishi litapata anga wazi, maana miti mirefu ya msitu ule hukata mawimbi ya satelaiti hata kompyuta ikiwa imeunganishwa sawasawa.