Mtunzi na Mtunzaji: Makisio ya Wachezaji wa Metal Gear

Kazi ya sanaa inapotengenezwa na mikono mingi, kisha jina moja likaandikwa juu yake, yafaa kuuliza jina hilo lina maana gani. Swali hili, lililozoeleka katika uhakiki wa filamu, limeingia pia katika michezo ya video. Mfano ulio wazi ni mfululizo wa Metal Gear, ulioanzishwa na Hideo Kojima mwaka 1987 katika kampuni ya Konami ya Japani.

Mwezi Machi 2015, miezi michache kabla ya kutolewa kwa Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, wapenzi wa mfululizo huo walitambua kwamba jina la Kojima na nembo ya studio yake vimeondolewa kwenye picha ya jalada. Konami ilieleza tu kwamba uzalishaji unawekwa chini ya makao makuu. Makisio yakaanza mara moja. Baadhi walisema mtunzi amenyang'anywa kazi yake. Wengine walishikilia kwamba ni hila yake mwenyewe.

Kundi hili la pili lisichekwe. Mwaka 2012 mchezo huohuo ulitangazwa kwa jina la studio ya kubuni, ambayo mkuu wake aliitwa Joakim Mogren. Wachezaji wakazipanga upya herufi za Joakim, wakapata Kojima. Kabla ya hapo, Metal Gear Solid 2 ya mwaka 2001 ilitangazwa kwa sura ya shujaa Snake, lakini mchezaji akajikuta akimwongoza kijana Raiden kwa sehemu kubwa ya hadithi. Mtunzi ndiye aliyeifundisha hadhira yake kutoliamini jalada. Basi jambo la kazi na mkataba lilipotokea, hadhira ililisoma kwa kanuni za hadithi, na kila ukimya ukawa ishara.

Desemba 2015 shaka iliondoka: Kojima alikuwa ameachana na Konami na kuanzisha kampuni yake huru. Hapo swali likageuka: je, mfululizo uliobaki ni wa nani?

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa hapa. Kutunga ni kuunganisha kitu kipya, kama atungaye shanga. Kutunza ni kuhifadhi kilichokwisha kutungwa. Sheria humpa mwenye mali haki ya yote mawili, ila haimpi ustadi. Mwaka 2018 Konami ilijaribu kutunga: Metal Gear Survive iliweka jina la zamani juu ya hadithi ya viumbe mfano wa maiti watembeao, na wachezaji wengi wakaikataa. Mwaka 2025 ilichagua kutunza: Metal Gear Solid Delta iliurudia mchezo wa mwaka 2004 kwa picha mpya, huku hadithi na sauti za waigizaji zikibaki karibu zilezile.

Hata hivyo, makisio ya wachezaji yana udhaifu mmoja mkubwa. Katika The Phantom Pain kila pengo lilihesabiwa kuwa la kampuni, na kila uzuri kuwa wa Kojima. Yoji Shinkawa, aliyechora sura za wahusika, akasahauliwa. Ikasahauliwa pia kwamba sauti ya David Hayter, iliyopendwa sana katika toleo la Kiingereza, nafasi yake ilipewa Kiefer Sutherland mwaka 2013, wakati Kojima alikuwa bado na madaraka yote. Mabadiliko yasiyopendeza huweza kutoka kwa mtunzi mwenyewe.

Kwa hiyo mhakiki asianzie kwenye jalada, bali aingie ndani ya kazi. Anayeucheza The Phantom Pain huona jina la Hideo Kojima likitajwa katika kila sura ya mchezo, mwanzoni na mwishoni. Lililofutwa nje liliachwa ndani, mahali ambapo mtunzi hujulikana kwa kazi yake.