Shwari na Mawimbi: Bahari katika Wimbo wa Spafford

Miongoni mwa nyimbo ambazo Wakristo huziimba misibani, umo mmoja katika Tenzi za Rohoni unaokiri kwamba roho i salama iwapo pana amani au shida. Mtunzi wake, Horatio Spafford, alikuwa mwanasheria wa Chicago. Moto mkuu wa mwaka 1871 ulimtia hasara. Kisha, tarehe 22 Novemba 1873, meli ya abiria Ville du Havre iligongana na merikebu ya matanga katika Atlantiki, ikazama na watu 226, wakiwamo binti zake wanne. Mkewe, Anna, alimpelekea simu ya maandishi kumwarifu kuwa amesalimika peke yake. Philip Bliss alipoutilia wimbo huo muziki, mwaka 1876, mahadhi yakapewa jina la meli ile ile.

Katika Kiingereza, mtunzi anafananisha amani na mto, na huzuni na mawimbi ya bahari. Mawimbi hayo si pambo la ushairi. Ni kaburi la wanawe. Anayataja kwanza, ndipo akakiri usalama.

Mfasiri wetu amefanya mabadiliko mawili. Mto ameuondoa, mahali pake akaweka shwari. Mawimbi nayo ameyaacha, akatosheka na neno shida. Hivyo bahari imehama kutoka upande wa msiba hadi upande wa raha.

Shwari ni neno teule, na lina siri ambayo mwenye jahazi huijua: bahari ikitulia mno, tanga hulala na chombo hakiendi. Hata utulivu una mtihani wake. Lakini hasara ni kubwa kuliko faida. Shida ni neno pana. Hata kukosa nauli ni shida. Muimbaji aliyenyimwa mawimbi aweza kudhani kwamba kumtumaini Mungu ni kukaa mahali pasipovuma upepo. Sisi wa visiwani, tulioomboleza waliozama na Spice Islander mwaka 2011, hatuwezi kuipokea imani ya namna hiyo.

Wala Spafford hakuimba hivyo. Ubeti wa pili unaonesha tegemeo lake: si ahadi kwamba dhoruba itakoma, bali Kristo aliyeuona unyonge wa mwanadamu akaufia. Hakurudishiwa wanawe, wala hakuelezwa sababu. Hapo ndipo tumaini linapoachana na faraja rahisi.

Wimbo huu una upungufu mmoja: hauulizi. Ayubu aliuliza, akalalamika, na Maandiko hayakumfuta. Mfiwa anayeuimba na ampe Ayubu nafasi kando yake. Na atakayeufasiri upya, shwari aiache ilipo, ila aturudishie mawimbi. Pasipo hayo, ule usalama wa roho hauna kilichoujaribu.