Fundi wa Moto wa Mapema

Kuchoma pori kila mtu anaweza. Kulichoma vizuri ni kazi ya fundi, na katika miombo inayoizunguka Likasi, kuanzia njia ya Kambove mpaka bonde la Lufira, ufundi huo huanza mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na ubichi. Fundi huinama, akavunja bua karibu na shina. Likipinda tu, anarudi nyumbani. Likikatika juu na kupinda chini, siku imefika.

Kwanza anapalilia kwa jembe kuzunguka miti mikubwa yenye mapango. Kisha anangoja alasiri, anawasha upande ambao moto utalazimika kutembea ukipingana na upepo. Moto wa hivyo hauna haraka. Mwali haupiti goti, na umande wa usiku huumaliza. Kukipambazuka pori lina madoadoa: hapa jeusi, pale limebaki na nyasi zake. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo vingine vimepita miaka 2000, hubaki na vichaka vyao, maana nyasi za kuwashika ni chache.

Wakaguzi wa kazi hiyo ni ndege. Moto ungali unatambaa, mramba wameshafika kudaka panzi wanaokimbia, na mwewe wanazunguka kwenye moshi. Baadaye wapenda ardhi tupu hushuka kuokota kwenye majivu, huku wale wa nyasi ndefu wakisogea kipande cha jirani. Kambu, vigong'ota na hondohondo, ambao hutaga kwenye mapango ya miti, wanaikuta miti yao imesimama. Hapo ndipo ninapomvulia fundi kofia: kuwasha kiberiti si kitu, lakini kujua nini kisiungue!

Fundi huyo pia harudii mahali pamoja kila mwaka.

Moto wa mwezi wa tisa ni habari nyingine. Miombo inachipua majani mekundu, ndege wengi wana viota, nyasi zimekauka kabisa. Mara nyingi umewashwa na wawinda panya, au umetoroka kwenye tanuru la makala. Mti wenye pango unageuka bomba la moshi, unaungua kwa ndani mpaka unaanguka, na viota vya chini havibaki.

Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola nchini Zambia, majaribio yalianzishwa mwaka 1933. Vipande vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi mwaka hadi mwaka viligeuka mbuga zenye miti michache. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Visivyochomwa kabisa vilisonga. Kwa hiyo anayetaka ndege wa kila aina hataki moto wa kila mahali, wala hataki pori lisiloguswa popote.

Machifu na wenye mashamba, kiangazi kijacho tusingoje mwezi wa tisa. Kama pori lazima lichomwe, lichomwe kabla ya mwezi wa saba, na aliyewasha asiondoke mpaka moto umezima.